Kampuni yenu imenunuliwa na mfuko wa uwekezaji: hatua za kulinda ari ya wafanyakazi

Jumatatu asubuhi magari mawili mageni yanaingia getini kiwandani Namanve, nje kidogo ya Kampala. Watu wanne waliovaa nadhifu wanatembezwa na mkurugenzi: ghala, mashine, jiko, chumba cha uhasibu. Mmoja wao anahesabu watu. Hakuna mfanyakazi aliyeambiwa lolote. Ikifika chai ya saa nne mlinzi ameshamwambia dereva, dereva amewaambia wapakiaji, na jioni kundi la WhatsApp la tawi la Mbarara linajua kwamba kampuni imeuzwa na nusu ya watu wanakwenda nyumbani. Fundi hodari wa mashine anaanza kutafuta kazi usiku uleule, maana yeye ndiye mwenye pa kwenda.

Mwongozo huu ni wa meneja mkuu, meneja rasilimali watu na wasimamizi wa kampuni ya Uganda ya watu 50 hadi 500 iliyonunuliwa na mfuko wa uwekezaji binafsi. Mmiliki mpya peke yake havunji moyo wa watu. Kinachouvunja ni ukimya, pamoja na kukatwa kwa vitu vidogo ambavyo hakuna mkataba uliovitaja. Yote mawili yanazuilika, na gharama yake si kubwa.

Kwanza elewa aliyenunua. Mfuko wa namna hii hukusanya fedha za taasisi na matajiri kwa muda maalumu, mara nyingi miaka 10, hununua kampuni, huikuza, kisha huiuza. Kwa kawaida kampuni moja hukaa nayo miaka 4 hadi 7. Kwa hiyo mfanyakazi akiuliza "na hawa nao watatuuza lini?", swali lake ni la haki na lina jibu. Java House, yenye mikahawa Kampala, ilichukuliwa na kampuni ya uwekezaji ya ECP mwaka 2012, ikauzwa kwa nyingine, Abraaj, mwaka 2017, na Abraaj ilipoanguka ya tatu, Actis, ikachukua usimamizi mwaka 2019. Actis hiyohiyo ilikuwa mwekezaji mkuu wa Umeme, kampuni iliyosambaza umeme Uganda, kabla kampuni hiyo haijaingia Soko la Hisa la Uganda mwaka 2012. Mkataba wa Umeme wa miaka 20 uliisha Machi 2025 na kazi ikarudi kwa UEDCL, kampuni ya serikali. Mhudumu wa meza au fundi wa nguzo anaweza kupitia wamiliki watatu bila kubadili sare. Usimwambie kwamba huyu wa sasa ni wa milele.

Hatua ya 1: Jua kilichouzwa, kabla hujafungua mdomo

Muulize mwanasheria swali moja: zimeuzwa hisa, au imeuzwa biashara? Zikiuzwa hisa, mwajiri ni kampuni ileile, na mikataba ya ajira, siku za likizo zilizolimbikizwa na miaka ya utumishi vinabaki kama vilivyokuwa. Ikiuzwa biashara yenyewe kwenda kampuni nyingine, Sheria ya Ajira ya 2006 inasema mikataba ya wote waliokuwa kazini siku ya uhamisho inahamia kwa mwajiri mpya yenyewe, pamoja na haki na wajibu wake. Katika hali zote mbili hakuna anayeanza upya kwa kuwa mwenye mali amebadilika. Mtu wa miaka 11 anabaki mtu wa miaka 11.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kugawa mikataba mipya wiki ya kwanza na kuwaambia watu watie saini kabla ya saa sita mchana. Hata kama mikataba hiyo haina ubaya, mfanyakazi anasoma jambo moja tu: miaka yangu inafutwa. Kama lazima ibadilishwe, mpe kila mtu nakala kwa lugha anayoielewa, siku 14 za kuisoma, na mstari unaotaja tarehe yake ya kwanza ya kuajiriwa.

Hatua ya 2: Orodhesha mambo yasiyoandikwa

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua mengine. Wakaguzi wa mfuko walipokuja kabla ya ununuzi walisoma mikataba, kodi, mikopo na kesi. Hawakusoma kwamba zamu ya usiku hurudishwa na gari la kampuni hadi Mukono, kwamba aliyefiwa hupewa pikapu na mafuta kwenda kuzika kijijini, kwamba kampuni huchangia rambirambi (mabugo, kama wanavyosema Waganda), kwamba mhasibu hutoa mkopo mdogo wa mshahara shule zinapofunguliwa Februari, Mei na Septemba, kwamba Krismasi na Idi kila mtu huondoka na sukari na mchele. Haya yamo katika daftari la fedha ndogondogo na katika kichwa cha mpishi.

Chukua siku tatu. Siku ya kwanza pitia daftari hilo miezi 24 nyuma, ukiandika kila malipo yaliyowaendea wafanyakazi nje ya mshahara. Siku ya pili zungumza na watu watano: mpishi, mtunza ghala, dereva, mlinzi wa zamu ya usiku, na karani wa mishahara. Waulize wote swali moja, "Kampuni huwafanyia nini watu hapa ambacho hakijaandikwa?" Siku ya tatu panga jedwali lenye safu tano: jambo lenyewe, nani hupata, lilianza lini, linagharimu kiasi gani kwa mwezi, nani huliidhinisha.

Gharama uiandike mwenyewe, kabla mkurugenzi mpya wa fedha hajaikuta peke yake. Tuseme chakula cha mchana, posho (yaani ugali) na maharagwe, kinagharimu shilingi 3,000 kwa kichwa, watu 180, siku 26. Hiyo ni shilingi 14,040,000 kwa mwezi. Mtu aliyefika jana kutoka Nairobi au London ataiona namba hiyo na kalamu yake itawasha. Kwa hiyo weka kando yake upande wa pili wa hesabu: bila chakula cha kazini, watu 180 wanatoka getini saa saba kutafuta kibanda, wanarudi saa nane na robo, na mashine zinasubiri. Weka pia kwamba kwa mshahara wa kibarua huo ndio mlo pekee kamili wa siku. Uganda kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1984 ni shilingi 6,000 kwa mwezi na hakijabadilishwa, kwa hiyo hakuna sheria ya kima cha chini itakayoziba pengo ukikata chakula.

Peleka jedwali hilo kwa mwakilishi wa mfuko na uombe neno moja kwa maandishi: miezi sita ya kwanza hakuna kitu ndani yake kitakachoguswa. Mara nyingi hukubaliwa, kwa sababu jumla yake ni ndogo ukilinganisha na bei ya ununuzi. Baada ya miezi sita kitu kikilazimika kuondoka, toa notisi ya miezi miwili, na uanze na kilicho juu: magari ya wakurugenzi na safari zao, kisha ndipo mfikie jiko. Mazishi yasiguswe kabisa. Kampuni inayomnyima mtu gari siku ya kumzika mama yake haisahauliki, na habari hiyo itafika kila tawi kabla maiti hajashuka kaburini.

Hatua ya 3: Siku ya tangazo

Tangazo lifanyike siku ambayo mkataba wa mauzo umekamilika, au asubuhi inayofuata. Mpangilio unaofaa ni huu: saa moja asubuhi wasimamizi wote wa zamu, dakika 40. Saa mbili zamu ya mchana, ndani ya kiwanda, mashine zimezimwa. Saa tatu simu kwa mameneja wa matawi, ambao wanawakusanya watu wao saa hiyohiyo. Saa moja jioni zamu ya usiku, na wanaozungumza wawe walewale wa asubuhi. Zamu ya usiku ikiachiwa karatasi ubaoni, itajihesabu kuwa ndiyo ya kwanza kufukuzwa.

Wasimame wawili: aliyeuza na aliyenunua. Aliyeuza aseme kwa nini ameuza. Aliyenunua aseme amelipia nini na anatarajia nini. Chagueni lugha kwa masikio yaliyopo. Kiingereza cha ofisini hakifiki kwenye mstari wa kufungashia. Kampala na Mukono tumieni Kiganda na Kiswahili, Mbarara Kinyankole, Gulu Kiacholi, na mfasiri awe mfanyakazi anayeaminiwa, asiwe mgeni. Msisahau vibarua, wafagizi na walinzi wa kampuni ya ulinzi. Wao ndio wa kwanza kuulizwa habari na kila anayepita getini.

Gawa ukurasa mmoja. Majibu yote yaangukie katika aina tatu: "tunajua, na jibu ni hili"; "hatujui, tutajua tarehe fulani"; "hatuwezi kusema, na sababu ni hii". Maswali yatakuwa yaleyale kila mahali. Mshahara wa mwezi huu utalipwa lini na nani? Mikataba yetu je? Kuna watakaopunguzwa? Michango ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) iko salama? SACCO (chama cha akiba na mikopo) yetu? Bosi wetu anabaki? Watatuuza lini?

Maneno mawili yasitamkwe. La kwanza ni "hakuna kitakachobadilika", kwa sababu kitabadilika, na siku ya kwanza kitakapobadilika mtakuwa waongo. La pili ni "sisi ni familia moja", kwa maana familia haiuzwi.

Hatua ya 4: Mshahara wa kwanza

Mkutano unasikilizwa kwa masikio, mshahara unasikilizwa kwa mwili mzima. Ukichelewa siku mbili mwezi wa kwanza, hotuba yote imekwenda na maji.

Mfuko utataka mfumo mpya wa mishahara, kwa sababu unataka takwimu za kampuni zake zote zifanane. Kubali, ila si miezi mitatu ya kwanza. Kisha endesheni mifumo miwili sambamba kwa miezi miwili na kulinganisha kila jina, shilingi kwa shilingi. Mambo yanayoharibika ni haya:

- Makato ya SACCO yanachukuliwa kwenye mshahara lakini hayafiki SACCO, kwa kuwa mfumo mpya haujaingizwa akaunti yake. Mwanachama anaandikwa mdaiwa sugu na riba inapanda, ilhali hati yake ya mshahara inaonyesha amelipa.
- Jina kwenye kitambulisho cha taifa halifanani na jina la benki au la simu, malipo yanarudi. Hakiki majina yote wiki tatu kabla.
- Saa za ziada za zamu ya usiku hazihesabiwi, kwa sababu mfumo umewekewa siku moja inayoisha saa sita usiku. Sheria inataka mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na mara mbili kwa sikukuu.
- Kibarua aliyepita miezi minne bado ameandikwa kibarua. Kanuni za Ajira za 2011 haziruhusu hilo: anastahili mkataba wa maandishi. Hapa mmiliki mpya anaweza kupata heshima kubwa kwa kurekebisha alichokikuta.

NSSF iangaliwe peke yake. Mwajiri hutoa asilimia 10, mfanyakazi 5, na fedha zifike ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Tangu marekebisho ya 2022 kila mwajiri anawajibika, hata mwenye mtu mmoja. Kila mfanyakazi anaweza kuona salio lake kwenye simu, kwa hiyo deni la mmiliki wa zamani halifichiki. Likiwepo, taja kiasi chake hadharani na ratiba ya kulilipa.

Siku ya malipo weka meza nje ya jiko, karani mmoja na daftari, saa moja asubuhi hadi saa tatu, kisha tena zamu ya usiku inapoingia. Kila lalamiko liandikwe na lijibiwe ndani ya siku mbili za kazi.

Hatua ya 5: Walinde wasimamizi wa kati

Wao hupigwa kutoka pande mbili. Mfuko unataka ripoti ya mwezi ndani ya siku 10, utabiri wa fedha za wiki 13, idadi ya watu, ajali, upotevu. Maombi hayo yakitoka kwa watu watano tofauti kwa barua pepe tano, mhasibu atalala ofisini na msimamizi wa zamu ataacha mashine kujaza majedwali. Weka mlango mmoja: ombi lolote la mfuko lipite kwa mtu mmoja, na lililokwisha kujibiwa lisiulizwe tena kwa sura nyingine.

Kila Jumatatu wape wasimamizi dakika 30 na karatasi yenye mambo matatu ya kuwaambia watu wao. Msimamizi anayesikia habari kutoka kwa mpakiaji wake amekwisha kuvuliwa cheo mbele za watu.

Hatua ya 6: Kama lazima watu wapunguzwe

Punguzeni mara moja. Kampuni inayotoa watu 12 Machi, wanane Juni na 15 Oktoba inawafundisha waliobaki kusubiri zamu yao, na anayesubiri zamu yake hafanyi kazi.

Sheria iko wazi. Ukikusudia kuachisha watu 10 au zaidi katika kipindi kisichozidi miezi mitatu kwa sababu za kiuchumi, kiteknolojia au za muundo, uwape wawakilishi wa chama cha wafanyakazi taarifa zinazohusika angalau wiki nne kabla ya wa kwanza kuondoka, na umwandikie Kamishna wa Kazi sababu, idadi, aina ya wafanyakazi na kipindi. Kuwatoa tisa tisa ili kukwepa hesabu hiyo ni njia fupi ya kufika kwa afisa kazi na baadaye Mahakama ya Viwanda. Notisi kwa mtu mmojammoja ni hii: wiki mbili kwa aliyetumikia zaidi ya miezi sita lakini chini ya mwaka, mwezi mmoja kwa mwaka hadi chini ya miaka mitano, miezi miwili kwa miaka mitano hadi chini ya 10, na miezi mitatu kwa miaka 10 na zaidi. Fedha zote alizostahili zilipwe ndani ya siku saba tangu ajira kuisha.

Kuna nguvu moja ambayo mameneja wengi wa Uganda hawaijui. Fedha za mifuko inayowekeza Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa hutoka taasisi za fedha za maendeleo, kama IFC ya Kundi la Benki ya Dunia, British International Investment (iliyoitwa CDC hadi 2022), Norfund au Proparco. IFC ina viwango vya utendaji vya 2012, na cha pili kinahusu kazi: kinataka njia mbadala zichunguzwe kabla ya kupunguza watu wengi, mpango wa kupunguza athari, na utaratibu wa malalamiko ulio wazi kwa wafanyakazi. Taasisi hizi huyaweka masharti hayo au yanayofanana nayo kwenye mkataba wao na mfuko. Muulize mwakilishi wa mfuko: "Wawekezaji wenu ni nani, na tumefungwa na viwango gani vya kazi?" Liulize mapema, na liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Wawakilishi wa wafanyakazi, wawe chini ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi la NOTU au la COFTU, wana haki ya kuliuliza vilevile.

Anayeondoka aambiwe na msimamizi wake ana kwa ana, apewe karatasi ya hesabu yake yote, cheti cha utumishi, na jibu kuhusu mkopo wake wa SACCO. Asisindikizwe na mlinzi kana kwamba ameiba. Kisha wakusanye waliobaki siku hiyohiyo na muwasomee kazi zitakazoachwa kabisa. Kazi za watu 40 zikibebwa na 28 bila kufuta hata moja, wale 28 wataumia, na wenye uwezo wa kuondoka wataondoka.

Hatua ya 7: Bonasi

Wakurugenzi watapewa hisa au ahadi ya fedha mfuko utakapouza. Watu wa chini watajua. Dai bonasi yao pia, na ipimwe kwa kitu wanachokishika: upotevu wa malighafi, mashine kusimama, mizigo iliyorudishwa. Faida kabla ya riba, kodi na uchakavu haina maana kwa anayefunga katoni. Ilipwe kila robo mwaka.

Hatua ya 8: Pima bila kuwatisha watu

Kabla ya dodoso lolote, angalia namba ulizonazo: waliokosa kazi Jumatatu, walioacha kazi ndani ya siku 90, ajali ndogo, maombi ya mkopo wa mshahara, upotevu. Maombi ya mkopo yakipanda ghafla bila shule kufunguliwa, kuna kitu kwenye malipo.

Dodoso liwe la karatasi, maswali matano, bila jina wala namba ya kazi, na kisanduku kiwe jikoni mbali na kamera. Matokeo ya kikundi cha watu chini ya wanane yasitolewe peke yake, kwa sababu mwandiko na malalamiko hujulikana. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inahusu pia taarifa za wafanyakazi, kwa hiyo majibu yasipelekwe kwa mfuko yakiwa na alama ya mtu. Jibu litoke ndani ya wiki tatu, hata likiwa ni kusema jambo fulani haliwezekani na kwa nini. Kama hamtaweza kujibu, msiulize.

Mwezi wa sita, rudini mahali palepale pa tangazo, mashine zimezimwa, na wasimame walewale wawili au waliowarithi. Chukueni ule ukurasa mmoja wa siku ya kwanza, msome kila ahadi kwa sauti, mseme ipi imetimia, ipi haijatimia, na tarehe yake mpya. Nakala ya ukurasa huo ibaki kwenye ubao wa jikoni.